Kozi ya Kiingereza ya jioni, Kariakoo: wanaoandikia wageni waijaribu

Nipo mapokezi hotelini, kutwa najibu barua pepe. Kilichonifurahisha kwenye kozi hii ni mwalimu kung'ang'ania jambo dogo: 'probably' ikae wapi penye 'would'. Kwa kawaida kielezi hufuata kitenzi kisaidizi cha kwanza, 'We would probably have cancelled'. Kwenye kukanusha kwa umbo la mkato kama 'wouldn't', kielezi kinatangulia: 'We probably wouldn't charge you'. Akatupa na 'You might well find a room', inayompa mgeni matumaini kuliko 'might' tupu. Hiyo naitumia kila msimu wa watalii! Feni ya darasani inapiga kelele, kitabu cha mazoezi hakina majibu, na ada si haba. Anayetaka kupiga soga tu kwa Kiingereza atachoka mapema.