Muziki wa chemba wa bure kanisani: uzoefu wangu wa msimu mzima

Nimehudhuria matamasha tisa kati ya kumi ya msimu uliokwisha Mei, katika kanisa la mji mdogo kusini mwa Uingereza ambalo sitalitaja. Utaratibu ni ule unaoukuta kwenye makanisa mengi ya nchi hii: Jumatano, saa saba na dakika kumi mchana, dakika hamsini bila mapumziko, mlangoni hakuna tiketi, ukitoka unakuta kikapu. Hukumu yangu ni hii: nenda kwa vyombo vya nyuzi, na siku ya piano fikiria mara mbili.

Kwa asiyeuzoea, muziki wa chemba hupigwa na watu wachache, kila mmoja na sauti yake ya kushika, wala hakuna anayesimama mbele na kijiti kuwaongoza. Kwarteti ya nyuzi ni fidla mbili, viola na chelo. Mpenzi wa taarab hataiona fidla kuwa ngeni, ila hapa hakuna mwimbaji wa kumfuata. Sikio lako ndilo linaloamua lishikamane na nani.

Jambo la kwanza ni mahali pa kukaa. Kanisa la mawe lenye dari refu halinywi sauti. Upinde wa fidla ukiinuliwa, noti inaendelea kuelea kidogo. Sehemu za polepole hunoga kwa hilo. Zile za haraka, ukiwa nyuma, zinakuwa uji: unasikia kwamba kuna mambo mengi, husikii ni mambo gani. Mstari wa tatu hadi wa tano ndio mzuri. Ukiwa nyuma ya nguzo unapata mwangwi mtupu. Milango hufunguliwa saa sita na nusu, na huna haja ya kuwahi sana, kwa sababu wenyeji huanza kujaza nyuma, karibu na mabomba ya joto, kana kwamba mbele kuna mtihani. Mabenchi ni ya mbao tupu, kwa hiyo beba mto.

Na beba koti. Januari na Februari hita huwashwa asubuhi ile ile ya tamasha, na hapo ndipo vyombo vinapoanza ugomvi. Hewa iliyopashwa ghafla hukauka, vigingi vya mbao vinavyokaza nyuzi vinalegea kwenye matundu yake, uzi unaporomoka katikati ya wimbo. Klarineti, chombo cha kupuliza, ina kisa chake: ikipoa, sauti inashuka. Februari walipiga kwinteti ya Mozart ya mwaka 1789, K. 581 (namba yake katika orodha ya kazi za Mozart), ambayo ni klarineti moja na vyombo vinne vya nyuzi. Kuna mahali klarineti inanyamaza wenzake wakiendelea, na ukiangalia vizuri utamwona mpigaji akipuliza pumzi ndani ya chombo bila kutoa sauti. Anakipasha moto tu, ili akirudi asiwe chini ya wenzake. Kundi likisimama kati ya sehemu mbili na kupatanisha nyuzi upya, usidhani hawakujiandaa. Wanaoona haya kusimama ndio wanaokuharibia dakika kumi zinazofuata.

Ukikaa mbele tazama pia mguu wa chelo. Ni mwiba wa chuma, na juu ya sakafu ya mawe unateleza. Wenye uzoefu huja na mkanda: upande mmoja umefungwa kwenye mguu wa kiti, upande wa pili una kishikio cha kuzuia mwiba. Asiye nao hupewa kipande cha zulia, na zulia lenyewe likianza kusogea, mpigaji anabana chombo kwa magoti hadi mwisho. Utaisikia sauti ikikakamaa. Karatasi za muziki hubanwa kwa vibanio vya nguo kwa sababu ya upepo wa mlangoni. Wanaotumia tableti hugeuza kurasa kwa pedali ya mguu, na pedali ikikosa mawasiliano, mtu anageuza kwa kidole huku wenzake wameshamwacha.

Kupiga makofi kunawatia wengi wasiwasi bure. Utunzi mmoja huwa na sehemu tatu au nne, na kawaida makofi husubiri mwisho wa zote. Usihesabu kimya, tazama pinde: zikibaki juu, bado; zikishuka na mabega yakalegea, piga. Mtunzi Haydn aliutania wasiwasi huu mwaka 1781, katika kwarteti ya Opus 33 namba 2 (opus ni namba ya kazi za mtunzi). Mwishoni wimbo unakatwa vipande vipande, kimya katikati ya kila kipande, halafu kimya kirefu zaidi, halafu kipande cha kwanza kinarudi kwa sauti ya chini kabisa, na hapo ndipo kweli imekwisha. Walipoipiga Novemba, nusu ya kanisa ilipiga makofi kabla ya wakati. Ndicho alichokitaka Haydn. Lakini siku nyingine zote kosa ni la waandaaji: karatasi ya programu haitaji sehemu za kila utunzi. Mistari minne ya wino ingemaliza tatizo.

Utashangaa kwa nini kila mara ni watunzi wale wale: Haydn, Schubert, Dvořák. Ladha ya wazee ni sababu moja, fedha ni ya pili. Uingereza haki za mtunzi hudumu hadi mwisho wa mwaka wa 70 baada ya kifo chake. Ravel, aliyefariki 1937, ameshatoka, na kwarteti yake ilipigwa Machi. Shostakovich alifariki 1975, hivyo hadi mwisho wa 2045 kumpiga hadharani kunahitaji leseni. Tamasha la kikapu linaihesabu gharama hiyo.

Tukifika kwenye kikapu: bure maana yake huzuiwi mlangoni. Wapigaji wanne wana nauli, na kundi lililoanza mazoezi jana yake limekula siku mbili. Hata yale matamasha mashuhuri ya mchana ya mpiga piano Myra Hess pale National Gallery, jumba la picha la London, yaliyoanza Oktoba 1939, yalikuwa na kiingilio cha shilingi moja. Mimi naona pauni tano hadi nane ni haki. Mashine ya kadi ipo, ila kuta zile nene zinaua mtandao, kwa hiyo njoo na pesa taslimu. Ukilipa kodi ya mapato Uingereza, chukua bahasha ya Gift Aid (mpango wa kodi wa kuongezea michango ya hisani), andika jina na anwani ya nyumbani, na kila pauni yako itaongezewa peni 25 kutoka serikalini. Kama hulipi kodi usijaze, maana tofauti unaweza kudaiwa wewe. Na tafadhali, mwenzangu wa taarab, usiinuke katikati ya muziki kwenda kumtuza mpiga fidla. Kikapu kitakungoja.

Sasa piano. Ni ndogo, na inakaa kwenye jengo lenye unyevu. Ubao wake wa ndani hunywa maji ya hewani, unavimba na kusukuma nyuzi, sauti za katikati zikipanda kuliko za pembeni. Fundi huja saa mbili asubuhi na kuipatanisha kwenye baridi. Saa nne hita inawashwa, na ifikapo saa saba kazi yake imeshachezewa. Aprili walipiga kwinteti ya Schubert ya 1819, ile inayoitwa ya samaki (Trout), yenye fidla moja, viola, chelo, besi na piano. Kifuniko kiliachwa wazi kabisa, viola ikapotea tangu mwanzo, na mapambo ya haraka ya piano yakageuka ukungu darini. Wangekiinua kwa kijiti kifupi cha kukishikilia, nusu ya tatizo ingekwisha. Nusu nyingine ni fundi: aitwe saa tano, hita ikiwa imeshawaka saa moja nzima. Mpaka watakapofanya hivyo, siku ya piano kaa kushoto, mbali na upande kifuniko kinapofungukia.