Ruta inayomfaa anayepanga mtandao wake mwenyewe
Kilichonivutia zaidi katika ruta hii ni ukurasa wake wa mipangilio ya kina, unaofunguliwa kwa kuandika 192.168.1.1 kwenye kivinjari, ambako niliweza kuipa printa anwani ya IP isiyobadilika na kuutenga mtandao wa wageni na kompyuta zangu. Katika masafa ya gigahezi 2.4 nilichagua chaneli ya 11, kwa kuwa chaneli za 1, 6 na 11 haziingiliani, na mtandao ukaacha kukatikakatika chumbani. WPA3, yaani kiwango kipya cha usalama wa Wi-Fi, ipo. Kasoro kubwa, tena inayonisikitisha kweli, ni kwamba WPS, njia ya kuunganisha vifaa na Wi-Fi bila kuandika nenosiri, huja ikiwa imewashwa. Izime mapema, kwani PIN yake ya tarakimu 8 huhakikiwa kwa nusu mbili, hivyo majaribio yasiyozidi 11,000 yanatosha kuivunja.