Bati au tangi la maji: kipi kimkinge mwanaanga?

Pale Mwanjelwa, Mbeya, kuna duka la vifaa vya ujenzi lililopanga mabati upande huu, matangi ya plastiki upande ule. Mwanangu wa kidato cha pili akaniuliza: "Baba, ukienda Mirihi utajikinga na mionzi ya angani nyuma ya kipi?"

Bati tulichukulie kuwa la alumini. Alumini ni nyepesi na imara. Ndiyo mwili wa vyombo vingi vya angani. Tatizo ni viini vizito vya atomu vilivyomo kwenye mionzi ya kosmiki, yaani chembe zinazokuja kwa kasi kubwa kutoka anga za mbali. Vikiigonga, huvunja viini vyake na kutawanya chembe nyingine, zikiwemo nyutroni, zinazopenya hadi mwilini.

Maji na plastiki ya polithini vina hidrojeni tele. Kiini chake ni protoni moja tu, hakina cha kumeguka, na nyutroni ikikigonga hupoteza kasi, kama gololi ikigonga gololi nyingine. Ndiyo maana vyumba vya kulala kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga viliongezewa polithini. Na maji yatabebwa tu, watu si watakunywa?

Nachagua tangi, tena lililojaa. Dhoruba ya jua, yaani mlipuko wa chembe kutoka kwenye jua, kama ile ya Agosti 1972, kati ya safari za Apollo 16 na 17, ukuta mnene wa maji ungeipunguza sana. Mionzi ya kosmiki ni kaidi zaidi, hata maji hayaimalizi.