Meza ya maabara kutoka Katwe kwa mwalimu wa kiti cha magurudumu

Karakana moja ya Katwe, Kampala, ilinitengenezea meza ya kufundishia kemia nikiwa kwenye kiti cha magurudumu, na kazi hiyo naisifu kwa moyo wote. Sinki lake ni la kina kifupi, na bomba la maji machafu limesogezwa nyuma ukutani ili magoti yapite, jambo ambalo mafundi wengi hulisahau. Koki ya mkono mrefu naifikia bila kuinama juu ya moto. Shule ndiyo iliyolipa, kama inavyostahili, kwani Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2020 inamkataza mwajiri kumbagua mfanyakazi mwenye ulemavu. Rangi ya juu ya meza, hata hivyo, hubanduka asidi ikidondoka, kwa hiyo agizeni vigae badala yake.