Rejesta ya Posta: ya kutumia kwa hati usiyotaka ipotee

Kwa cheti cha shule, hati ya kiwanja au pasipoti inayokwenda ubalozini, tunapendekeza rejesta ya Posta, yaani barua iliyosajiliwa kwa namba, kuliko kupakia bahasha kwenye basi. Basi hufika mapema, kweli. Lakini bahasha ikipotea njiani, unabaki na risiti na jina la kondakta tu. Rejesta hukabidhiwa kwa namba kila inapobadilisha mikono: karani wa kaunta, wapangaji wa barua, gari la posta, karani wa ofisi inakokwenda. Kila aliyeipokea anaijibia. Uangalifu huo wa watu tusiowaona ndio tunaoulipia, na wanastahili shukrani.

Namba hiyo ina herufi 2, tarakimu 9, kisha herufi 2 za nchi, TZ kwa Tanzania. Ikianza na R ni rejesta, E ni EMS (huduma ya haraka ya Posta), C ni kifurushi. Tarakimu ya 9 hukokotolewa kutokana na 8 zilizotangulia, kwa hiyo karani akikosea tarakimu moja, karibu kila mara mfumo huikataa namba hiyo. Uzito usizidi kilo 2. Zaidi ya hapo tuma kama kifurushi.

Mengi huharibikia kwenye anwani. Barua zetu nyingi huishia sandukuni, na sanduku moja la shule au la msikiti linaweza kutumiwa na mtaa mzima. Tena rejesta yenyewe haiwekwi humo. Huwekwa kikaratasi cha taarifa, na mwenye barua huenda kaunta na kitambulisho. Ukiandika "Mama Asha", karani atakataa kuitoa, na yuko sahihi kabisa. Andika jina kama lilivyo kwenye kitambulisho, S.L.P., mji na namba ya simu. Simu ya karani anayejali kazi yake huokoa barua ambayo kikaratasi chake kimelala mezani kwa mwalimu mkuu. Anwani yako iandike nyuma ya bahasha, ili isipochukuliwa ijue pa kurudi. Hakikisha pia sanduku limelipiwa kodi ya mwaka, maana lisilolipiwa hufungwa.

Kasi si sifa ya rejesta. Mwenye haraka achukue EMS, alipe zaidi.

Risiti usiitupe hata ukiambiwa imefika. Kwa barua ya nje ya nchi, madai ya upotevu hupokelewa ndani ya miezi 6 tangu kutumwa, na karani ataanza kwa kukuuliza namba iliyo kwenye risiti hiyo.