Archaeologia Britannica ya Edward Lhuyd: nyota nne kati ya tano

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, na habari za asili ya lugha hunikosesha usingizi. Kitabu hiki, kinacholinganisha lugha za Wales, Ayalandi na majirani zao, kilichapwa Oxford mwaka 1707. Nakala yake iliyopigwa picha iko bure mtandaoni, kwa hiyo gharama ni bando tu. Usikisome kwenye simu: herufi ni ndogo, na ile s ndefu ya zamani inafanana mno na f.

Lhuyd alikuwa Mwelisi, mtunzaji wa makumbusho ya Ashmolean huko Oxford. Kati ya 1697 na 1701 alizunguka Wales, Ayalandi, Uskoti, Cornwall (kusini-magharibi mwa Uingereza) na Brittany (magharibi mwa Ufaransa) akikusanya maneno. Huko Brittany alikamatwa, wakamdhania jasusi. Jasho lake linaonekana.

Kilichoniteka ni sehemu ya kwanza. Lhuyd aliona kwamba pale Mwelisi anapotamka p, mara nyingi Mwayalandi anatamka k, ambayo huandikwa c. Kichwa ni pen kwa Kiwelisi, ceann kwa Kiayalandi. Nne ni pedwar, na ceathair. Mti ni pren, na crann. Hakuridhika na maneno kufanana kwa sura, alitafuta kawaida ya sauti. Ndivyo nasi tunavyojua undugu wetu na Waganda: mtu na kitu kwetu, omuntu na ekintu kwao, t hapa na nt kule, tena na tena.

Nyota moja nimeikata kwa sababu ya Hispania. Lhuyd aliamini kwamba sehemu ya Waayalandi ilitokea huko, akayapanga maneno yao sambamba na ya Kibaski, lugha ya kaskazini mwa Hispania. Hapo kanuni yake mwenyewe ameiacha, maana Kibaski si ndugu wa lugha hizi.

Hata hivyo, mlinganishe na Charles Vallancey, mhandisi wa jeshi aliyeandika mwaka 1772. Huyo alishikilia kwamba Kiayalandi kina undugu na Kipuni, lugha ya mji wa kale wa Carthage huko Afrika Kaskazini, akitegemea mistari ya Kipuni iliyomo katika tamthilia ya Plautus, mwandishi wa Roma ya kale. Miaka 65 baada ya Lhuyd kuonyesha njia! Inaniuma kila nikiisoma.

Lhuyd alifariki mwaka 1709, na juzuu alizokusudia kufuatisha hazikutoka. Ukikifungua, ruka kwanza sarufi ya Kibretoni, lugha ya Brittany. Soma sehemu ya kwanza taratibu ukiwa na kalamu, kisha nenda moja kwa moja kwenye kamusi ya Kiayalandi, sehemu ya kumi.