Cheti cha Kuzaliwa Kakamega: Huduma Nzuri Inayoanzia Wadini

Huduma ya kusajili kuzaliwa kwa mtoto, kama tulivyoipata kwa binti yetu hapa Kakamega, Kenya, imeboreka kiasi cha kustahili sifa. Ombi la cheti tulilituma kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali: tulipakia picha za taarifa ya kuzaliwa na za vitambulisho vya wazazi, tukalipa ada ya shilingi 200 kwa simu, kisha tukachagua kuchukulia cheti katika Kituo cha Huduma. Mhudumu wa dirishani alitupokea kwa heshima, akatutaka tusome kila mstari kabla ya kutia sahihi, na hakuna aliyetuomba hata ya chai.

Hata hivyo, ubora wa cheti huamuliwa mapema zaidi. Mtoto akizaliwa hospitalini, wahudumu wa wadi hujaza fomu ya B1 na kumpa mzazi kipande chake chenye nambari. Akizaliwa nyumbani, taarifa hupitia kwa naibu wa chifu. Yaliyoandikwa hapo ndiyo yatakayoingia kwenye cheti. Katika hospitali tuliyohudumiwa, mke wangu alisomewa fomu harakaharaka angali na maumivu ya kushonwa, na jina lake, Nakhumicha, likaandikwa bila ile h ya katikati. Ni shemeji yangu, aliyekuja kutuchukua, aliyeishika fomu sambamba na kitambulisho na kuligundua kosa hilo, na muuguzi akalisahihisha papo hapo. Lingefika kwa msajili, tungeanza safari ya viapo na vielelezo kwa sababu ya herufi moja.

Jambo la pili ni jina la mtoto mwenyewe. Fomu hulidai mapema, ilhali katika koo nyingi za huku jina hutolewa baada ya wazee kushauriana, hasa linapokuwa la marehemu. Sheria ya Usajili wa Vizazi na Vifo humpa mzazi miaka 2 tangu kusajiliwa ili aingize au abadilishe jina, lakini hakuna aliyetueleza hilo, nami naona bango moja ukutani mwa wadi lingewaondolea wazazi wengi wasiwasi. Bango hilohilo lingewakumbusha kwamba usajili ukipita miezi 6 huhesabiwa kuwa umechelewa, na kwamba tangu uamuzi wa Mahakama Kuu wa mwaka 2016, mama ambaye hajaolewa ana haki ya kuandikisha jina la baba wa mtoto.

Ninaipendekeza huduma hii kwa moyo mmoja kwa mwenye simu ya kisasa. Asiye nayo huishia saiba, yaani duka la intaneti, akalipia huko kazi ambayo wengine huifanya wakiwa nyumbani. Kwa ajili yake ningeomba kila wadi ya kujifungulia iwe na mtu wa kutuma ombi kwa niaba yake kabla hajaruhusiwa kwenda nyumbani.